Shavu la Kupimia Maji

Juzi nilikuwa dukani kwangu pale Nakivubo, jua limewaka kweli, na mwanangu wa mwisho akaja nyuma yangu kimyakimya akanibandika chupa ya soda baridi shavuni. Mtoto alitaka kucheka tu. Mimi niliruka, nikaangusha bunda la vitenge, na kabla sijajua nasema nini nikawa nimeshasema, "Bado. Teremsha tena." Wateja walicheka sana. Mtoto akaniuliza, "Mama, niteremshe nini?" Nikamwambia aende akaoshe vikombe.

Toka siku hiyo shavu langu la kushoto halitulii. Wenzangu mliokuwa watoto hapa Uganda miaka ile ya wanajeshi mtanielewa. Kuna mambo tulifungia ndani tukazaa watoto juu yake, tukauza vitenge juu yake, halafu chupa ya soda inafungua mlango.

Tuliishi Luzira, kwenye nyumba za udongo zilizotazama ziwa. Baba alikuwa Msamia. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, wa Uganda na wa Kenya, lugha moja, majina yaleyale, na kwao Baba kulikuwa upande wa Kenya. Mama alikuwa Mkongo wa Uvira. Baba hakujua lugha ya kwao Mama, na Mama hakujua Kisamia, basi nyumbani tuliongea Kiswahili. Nilizaliwa humo, nikaamini ni lugha yetu sisi watatu.

Majirani walikuwa Waganda, na kwao Kiswahili kilikuwa cha askari. Mtu akisikia Kiswahili nje ya mlango wake, redio inazimwa, watoto wanavutwa ndani. Mama akipita njiani akiniita, watu walinyamaza. Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa, na nilidhani wananyamaza ili wamsikie vizuri, maana Mama alikuwa na sauti nzuri, ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani.

Wavuvi wengi wa pale walitega nyavu. Baba alivua kwa mshipi, na samaki wake walikuwa wa katikati. Mputa, yule sangara mkubwa, kuna miezi hakai chini na haji juu. Anasimama tu katikati ya maji kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Nyavu za chini hazimfikii, za juu hazimfikii, na watu wanasema ziwa limekauka samaki. Baba alinieleza kwamba ziwa lina maji mawili. Ya juu yana uvuguvugu, jua limeyapika. Ya chini ni baridi, mazito, hayana uhai, na samaki akiingia humo anakosa pumzi. Mputa anakimbia joto la juu, anashuka, anashuka, mpaka tumbo lake linakaribia ile baridi. Hapo anasimama. Ukijua baridi inaanzia wapi, umempata. Ukikosea kwa pima mbili utakaa mtumbwini mpaka jioni na chambo chako kitafia kwenye ndoano bure.

Sasa kuijua hiyo baridi ndiyo ilikuwa kazi. Baba alikuwa na kamba ndefu yenye mafundo, fundo moja kila pima, na mwishoni jiwe la ukubwa wa ngumi ndani ya kipande cha wavu. Aliliteremsha mpaka fundo analotaka, tunasali Salamu Maria tatu ili jiwe lipate hali ya maji ya pale, halafu analivuta mbio, mikono haionekani, na kabla halijapata upepo ananiwekea shavuni. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeota sugu za makasia, angeshika kaa la moto asijue. Uso wake ulikuwa ndevu tupu. Na tofauti ya maji na maji ni ndogo sana, ndogo kuliko ya kivuli na jua. Shavu la mtoto linaijua. Mimi nilisema "bado", naye anateremsha fundo jingine. Nikisema "baridi", anarudi juu pima moja na kufunga mishipi yake hapo.

Kumpeleka mwanamke majini ilikuwa kama mwiko, hata mwanamke mwenyewe akiwa na meno ya utoto. Jirani yetu Ssalongo, baba wa mapacha, ambaye mtumbwi wake ulilala kando ya wetu, hakukosa la kusema.

"Eh, Musamia! Leo tena umebeba kipimo chako? Samaki watamuona huyo wakimbilie Kisumu!"

"Wewe rudi na wavu wako mtupu, Ssalongo. Ukishindwa nitakuazima."

"Nani anaazima shavu, ssebo? Siku yule akiolewa nitaleta ng'ombe kwa ajili ya shavu moja. Hilo lingine baki nalo, uvue."

Nilipenda sana maneno hayo. Hakuna mtoto mwingine pale ufukweni aliyekuwa na kitu kinachotakiwa usoni mwake.

Kila jioni alikuja sajenti mmoja kukusanya samaki. Hakununua, alikusanya. Wavuvi walimwita Afande, wakatazama chini. Mimi sikuelewa kwa nini watu wanamwogopa, maana alikuwa mtu wa kwanza nje ya nyumba yetu kunisalimia kwa lugha ya nyumbani. Niliona huyu ni wa kwetu. Jioni moja nilikuwa naanika mishipi peke yangu, akachuchumaa karibu.

"Mtoto, wewe nasema Kiswahili muzuri kabisa. Nani nafundisha wewe?"

"Tunaongea nyumbani, Afande."

"Baba yako ilikuwa askari?"

"Hapana. Baba ni Msamia."

"Musamia ya hapa, ama ya kule?"

"Ya kule," nikasema. "Babu ana ng'ombe wanne. Tulienda Krismasi, tulivuka mto kwa mguu."

Nilijibu kama katekisimu, swali na jibu, na nilifurahi kwamba hakuna hata moja lililonishinda. Siku zile redio ilikuwa inasema Wakenya ni wapelelezi, na watu walikuwa wanachukuliwa makazini na kwenye vyumba vya kupanga. Hayo nilikuwa nimeyasikia. Lakini Mkenya kwangu alikuwa mtu mwingine, sijui mtu wa namna gani, pengine mwenye kofia. Baba alikuwa Msamia. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kuwa vyote viwili, na kwamba kimoja kinaua.

Ijumaa asubuhi askari walimchukua Baba. Mama alikaa kizingitini siku nzima na rozari, hakupika. Saa kumi na moja jioni Baba akarudi kwa miguu, sajenti nyuma yake. Shati la Baba lilikuwa limechanika bega. Sajenti alisimama mlangoni kwetu, akasema wazi mbele yetu sote.

"Mukubwa yangu iko na wageni Jumapili. Nataka mputa kubwa tatu. Hapa neti yote kavu, lakini watu nasema wewe najua kupata. Kesho mimi na wewe naingia ziwani. Wewe napata tatu, basi wewe ni Musamia ya hapa. Hapana pata, wewe napanda lori."

Lori hilo tulilijua sote, hata watoto. Lilikuwa linapita limefunikwa turubai, na waliopanda hawakuonekana tena.

Sajenti alipoondoka Mama alimshika Baba mkono. "Papa Nekesa, usimupeleke mutoto. Nenda peke yako."

"Bila yeye sioni maji," Baba akasema. Nekesa ni mimi.

Sasa sikilizeni adhabu yangu. Jioni ileile jino langu la chini lilianza kuuma, upande wa kushoto, upande wa kazi. Asubuhi shavu lilikuwa limevimba na linawaka moto. Nilijifunga kitambaa cha Mama kichwani nikakivuta mpaka kidevuni, nikasema nasikia baridi. Nilijua Mungu ananionyesha kwamba ameniona nikiongea na sajenti. Niliona nikisema jino linauma nitaachwa nyumbani, na Baba atapanda lori kwa kosa langu. Basi nikanyamaza.

Tuliondoka jua likichomoza. Sajenti alikaa katikati, bunduki mapajani, buti zake ndani ya maji yaliyovuja, mikono miwili imekamata mbao za pembeni. Hakujua kuogelea, hilo lilionekana. Tulipita visiwa, tukafika kwenye maji mapana. Baba aliacha kupiga kasia, akawatazama minandi, wale ndege weusi wanaopiga mbizi. Walikuwa wanazama na kukawia. Alipenda hivyo. Ndege akikawia, samaki wadogo wamekaa mbali kwenda chini, na mkubwa yuko chini yao.

Akateremsha jiwe. Fundo la nne, nikasema bado. Fundo la sita, alipoliweka shavuni nilikaribia kupiga kelele. Shavu linalowaka huona kila kitu ni barafu.

"Baridi," nikasema.

"Sita?" Baba akanitazama. "Juzi ilikuwa kumi na mbili."

"Ni baridi, Baba."

Hakubisha. Hakuwahi kubisha na shavu langu. Akafunga mishipi mitatu kwenye pima ya tano, kila ndoano na nkejje mmoja hai, vile visamaki vidogo vya chambo. Tukakaa.

Tulikaa sana. Jua lilipanda, maji yakawa meupe kutazama. Mishipi ilining'inia tu. Baba alivuta chambo mara mbili, akakuta nkejje wanahema, akawabadilisha. Kopo la chambo lilikuwa linaisha. Sajenti alitazama saa yake, akatazama nchi kavu, akatazama tena saa. Mimi nilikuwa naomba Bikira Maria alete samaki mahali nilipodanganya, maana wakati huo nilishaanza kushuku kwamba nimedanganya.

Halafu sajenti akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Musamia, wewe najua nani naambia mimi wewe ni Mukenya? Hii mtoto yako. Hii hapa."

Nilitaka kuingia majini. Baba hakugeuka, macho yake yalikuwa kwenye mshipi.

"Najua, Afande. Nimemfundisha akiulizwa na mtu mzima ajibu."

Basi, ni hayo tu aliyosema. Alikuwa anajua toka Ijumaa. Alikuwa anajua aliponinyanyua kuniweka mtumbwini, aliponiwekea jiwe, aliposema "sita?" na kuniamini. Nililia, nikashindwa kujizuia, na Baba akanifuta machozi kwa kiganja chake kikavu. Kiganja kikasimama. Akavuta kitambaa chini.

"Nekesa. Una moto."

"Jino, Baba."

Alinitazama kwa muda kama wa Salamu Maria moja. Hakukasirika. Aligeuka akamtazama sajenti usoni, akamtazama vizuri, kama mtu anayechagua nyanya.

"Afande, umenyoa ndevu leo?"

"Nini?"

"Kipimo changu kinaumwa. Nahitaji uso."

Nilidhani sajenti atampiga Baba risasi. Sajenti alitazama maji pande zote, na sijui aliwaza nini, labda alimuwaza mkubwa wake na wageni. Akalaza bunduki chini ya miguu, akasogea kwa magoti, mtumbwi ukayumba. Baba akateremsha jiwe mpaka la nane, tukaanza kusali.

"Nyinyi nasema nini?"

"Tunahesabu," Baba akajibu.

Jiwe likapanda. Baba alimshika yule mtu nyuma ya shingo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamkandamiza jiwe linalodondoka maji shavuni. Sajenti alifumba macho. Mpaka leo nauona uso ule, mkono wa baba yangu shingoni mwake, na mimi nisijue nani anamwogopa nani.

"Linasema nini?" Baba akamuuliza.

"Hapana baridi."

"Sema 'bado'."

"Bado," akasema sajenti.

La kumi, bado. La kumi na moja, bado. La kumi na mbili alifikiri sana, akasema bado. La kumi na tatu aliruka, akacheka kama mtoto aliyemwagiwa maji. "Baridi! Hii baridi, mama yangu!"

Baba alifunga kwenye la kumi na mbili. Kopo lilikuwa na nkejje watano.

Samaki wa kwanza alikuja kabla mshipi wa tatu haujafungwa. Kamba ilikimbia, ikamchana Baba kidole, akaegemea nyuma, akamlegezea, akamvuta, na yule mputa alipofika juu alikuwa mrefu kuliko mimi, macho yake ya dhahabu. Wa pili alifuata. Halafu wawili wakala chambo wakaenda, na tukabaki na nkejje mmoja, dhaifu, anaogelea upande. Baba alimtia ndoanoni taratibu sana, kwa ngozi ya mgongo tu, asimwumize. Hata sajenti alishika mshipi ule kwa vidole viwili pamoja na Baba, na ulipovutwa walivuta wote.

Tulipofika ufukweni sajenti aliwaita wavulana wawili wabebe samaki. Halafu akamsogelea Baba, akaongea chini chini.

"Mimi nimepata samaki. Lakini jina yako iko kwa karatasi, na karatasi iko kwa mukubwa. Jumatatu lori nakuja. Mimi hapana kuwa hapa. Sasa angalia mwenyewe."

Neno lake, kumbe, lilikuwa la siku mbili.

Jumapili alfajiri Baba alichukua mtumbwi wake. Aliniambia, "Msikilize mama yako," akanigusa kichwani, akaenda. Ssalongo naye alisukuma mtumbwi wake, kila mmoja kivyake. Hakuna aliyeniambia wanaenda wapi. Mama aliniambia moja tu: "Ukiulizwa, sema hujui." Na kweli sikujua.

Jumatatu wakaja watatu, nyuso mpya. Mmoja alimkamata Mama mkono, akaukunja mgongoni. "Bwana yako iko wapi?"

"Mi sijui."

Akaukunja zaidi. Mama akaanguka magoti. Alikuwa hapigi kelele, alikuwa anahema tu kama wale nkejje, na mimi niliona kwamba "sijui" haitoshi, kwamba wanataka jibu, na mwenye majibu ni mimi.

"Alizama!" nikasema. "Jana! Mtumbwi ulizama!"

Niliutoa wapi uongo huo sijui. Yule askari aliachia mkono. Mama akanitazama, nikaona macho yake yanafanya hesabu, halafu akafungua kinywa akapiga yowe. Yowe la msiba, lile refu.

Mnajua desturi. Yowe likipigwa hakuna anayeuliza. Wanawake walewale waliokuwa wanazima redio walitoka, wakajifunga vitambaa kiunoni, mmoja na kuni, mmoja na ndizi za matooke, na kabla askari hawajajua wafanye nini uwanja ulikuwa umejaa, moto umewashwa, watu wanalia. Ssalongo akapanda kutoka ziwani, amelowa mpaka shingoni.

"Nnyabo, mtumbwi tumeupata umepinduka," akamwambia Mama kwa sauti wote wasikie. "Mwenyewe hatumuoni. Bambi, maskini, hatumuoni."

Wakubwa waliokuwa pale walielewa nini, sijui. Mimi nilielewa kwamba nimesema, na imekuwa.

Yule askari hakuwa mjinga. "Mimi nataka kuona maiti. Jumatano narudi. Hapana maiti, nabeba mama na mtoto."

Wanaume wakaingia ziwani siku mbili, mitumbwi sita, wakiburuta ndoano. Hawakuziburuta chini. Niliwasikia wanawake wakinong'onezana kando ya moto, kwamba mtu aliyezama hulala chini kwanza, halafu mwili ukianza kujaa unanyanyuka, na kabla ya kuelea unakaa katikati siku moja au mbili, umesimama, hauendi popote. Huko ndiko Ssalongo alikokuwa anatafuta. Na miaka ile, Mungu atusamehe, ukitafuta katikati ya maji yale ulikuwa hukosi mwili.

Jumatano asubuhi walileta mtu amefungwa ndani ya mkeka. Alikuwa mrefu kama Baba. Walisema maji yamemharibu, watoto wasiangalie. Mama aliingia chumbani peke yake na mkeka ule, akakaa kitambo, akatoka akaliita jina la Baba mara tatu. Askari alikuja, akainua pembe ya mkeka kwa fimbo, akaziba pua. Alivua kofia, akaondoka, na hakurudi.

Tulimzika juu kidogo ya ufukwe. Katekista alisali, Mama akaanzisha wimbo kama kawaida yake. Nilitupa udongo kwa mkono wangu. Nilikuwa nimemuua baba yangu mara mbili kwa kinywa kimoja, kwanza kwa kusema kweli, halafu kwa kusema uongo, na sikujua niungame ipi.

Ilikuwa miezi miwili, mitatu. Kila Jumamosi Mama alinipandisha kilima cha Lubaga kwa miguu, tukapiga magoti katika kanisa kuu. Nilimuuliza, "Baba yuko mbinguni?" Akasema, "Omba, mama." Nikamuuliza, "Mungu amenikasirikia?" Akasema, "Hapana. Omba." Niliacha kula, niliacha kuongea na watu wazima. Jino lilitoka lenyewe, nikaliona kama kitu cha mtu mwingine. Sasa nikikumbuka vizuri, hakuna hata siku moja Mama aliponiambia kwa kinywa chake kwamba baba yako amekufa.

Halafu tukafunga mizigo. Watu waliambiwa mjane anarudisha mtoto kwa ndugu za mumewe, na hilo kila mtu aliliona sawa. Vizuizini askari waliniuliza, nikalia machozi ya kweli, wakatupitisha. Tulishuka kabla ya mpaka, tukatembea katika mihogo, tukavuka ule mto kwa mguu. Kwenye boma la babu kulikuwa na mtu anapasua kuni. Aliinua kichwa.

Nilijificha nyuma ya Mama, nikashika kitenge chake kwa meno na mikono.

"Nekesa," yule mtu akaita. "Nekesa, njoo." Sikwenda. Akamtazama Mama. "Hukumwambia?"

"Ningemuambia, wangemuuliza," Mama akasema. "Na huyu akiulizwa anajibu."

Baadaye nilijua kwamba Ssalongo ndiye aliyemsaidia Baba kutoroka, na aliposikia yowe akaupindua mtumbwi aliomwachia. Nimelea watoto wanne. Sijawahi kumfanyia mtoto wangu alichonifanyia Mama siku zile, na sijawahi kusimama mahali aliposimama yeye. Zamani nilimlaumu. Nilipoanza shule ya jioni, mtu mzima nimekaa na watu wazima, mwalimu alitutaka tuandike juu ya wazazi wetu, na karatasi yangu niliirudisha nyeupe. Leo namwombea, na simlaumu tena, lakini nikisema haliniumi nitakuwa nadanganya.

Baba aliweka shoka chini. Hakunifuata. Alikaa palepale kwenye magogo, akangoja, kama alivyojua kungoja. Jua lilisogea. Babu alileta uji, haukunyweka. Mwishoni nilitoka nyuma ya Mama, nikasimama mbali naye kiasi cha kasia moja, nikamtazama kidole kilichochanwa na mshipi. Kilikuwa na kovu jipya. Ni yeye. Nikamuuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza, si Mama, si Ssalongo, si wale wanawake wote waliolia.

"Kama wewe ni Baba, yule tuliyemzika ni baba wa nani?"

Baba alinitazama, akamtazama Mama, na Mama akageuza uso, akalia, kilio kidogo cha kweli ambacho sikuwa nimekisikia siku zote zile za msiba. Baba alivua kofia yake, akaishika magotini.

Kila mwaka mwezi wa marehemu ukifika naenda kuandikisha Misa. Baba na Mama wako kwenye orodha yangu sasa, walikufa kitandani, wamezeeka. Padri huandika majina yao, halafu huinua kalamu kwa lile la tatu, na kila padri mpya huuliza jina gani. Namwambia aandike, "baba wa mtu".